Kibodi ya kiergonomia ni nini?

Kibodi ya kiergonomia ni ile iliyoundwa kuufuata mkono wa mchapaji, badala ya kuulazimisha mkono uifuate kibodi. Mengi yake yanahusu kifundo cha mkono.

Weka mikono kwenye kibodi ya kawaida, kisha itazame kutoka juu. Viwiko vimeachana kwa upana wa mabega, lakini vidole vyote vinatakiwa vibanane katikati, kwenye safu moja iliyonyooka. Vigasha vinaingia ndani kwa mshazari, na ili vidole vielekee mbele, vifundo vinapinda upande wa kidole cha mwisho. Huo ni mpindo mmoja. Kuna pia kule kulaza viganja kifudifudi kabisa, ambako husokota mifupa miwili ya kigasha. Kisha kifundo kinakunjwa kwenda juu, hasa kibodi ikiwa juu kuliko kiwiko. Huu wa mwisho ndio wa kuangaliwa zaidi: kano zinazokunja vidole hupita pamoja na neva moja kubwa kwenye mfereji mwembamba ndani ya kifundo, na kifundo kikikunjwa, shinikizo humo hupanda.

Sasa maumbo yale ya ajabu yanaeleweka. Kibodi iliyogawanywa vipande viwili inaacha kila mkono unyooke kutoka begani. Iliyoinuliwa katikati kama paa inapunguza kule kusokotwa kwa kigasha. Inayoinamia upande wa mbali na mchapaji inanyoosha kifundo. Wazo si geni. Mtafiti wa ergonomia Karl Kroemer aliandika kuhusu kibodi iliyogawanywa mwaka 1972, na Microsoft ilipotoa Natural Keyboard mwaka 1994 umbo hilo likaingia maofisini.

Baadhi ya kibodi hizi hupanga pia vitufe katika mistari wima. Ule mpangilio wa kupishana tuliouzoea ni urithi wa mashine za kuchapa za miaka ya 1870: kila kitufe kilikuwa na wenzo wake, na wenzo zilihitaji nafasi ya kupita bila kugongana. Kompyuta haina wenzo hata moja, lakini vitufe vingali vinapishana. Mpangilio wa herufi wa Dvorak, uliopewa hataza mwaka 1936, ni suala jingine: unabadilisha mahali pa herufi, na unaweza kuutumia hata kwenye kibodi bapa kabisa.

Kabla ya kununua chochote, geuza kibodi uliyo nayo. Vile vimiguu viwili vya nyuma, ambavyo wengi huvifungua kwa kudhani ndiyo adabu ya kuchapa, huzidisha mkunjo wa kifundo. Vikunje. Shusha meza au pandisha kiti mpaka kiwiko kikae karibu na pembe ya nyuzi 90, na miguu ikining'inia, iwekee kitu cha kukanyagia. Mto wa kifundo ni wa kupumzikia tu. Ukiuegemea huku unachapa, unaubana mfereji uleule kwa chini.

Kibodi nzuri kwenye meza iliyo juu mno haina maana. Wala si dawa: vidole vikifa ganzi usiku au vikilegea kushika vitu, hiyo ni kazi ya daktari.

Tatizo likiwa begani, chanzo kinaweza kuwa lile fungu la vitufe vya namba upande wa kulia, linalokisukuma kipanya mbali na mwili. Hapo kibodi fupi isiyo na fungu hilo huweza kusaidia kuliko iliyogawanywa, na mara nyingi bei yake huwa nafuu pia.