Kampuni Kubaki Binafsi: Nafuu Zake, Gharama Zake na Wajibu Usiokwepeka

Malalamiko yanayohusu kampuni binafsi yanazidi kufika katika ofisi zetu za usajili wa makampuni, na sehemu kubwa yake haitokani na ubaya wa sheria, bali na wanahisa kutokuelewa walichokichagua siku waliposajili kampuni yao. Mwenye biashara inayokua hufika mahali akajiuliza kama aendelee kuimiliki kampuni pamoja na watu wachache anaowafahamu, au afungue mlango kwa umma. Swali hilo ni halali, na jibu lake halifanani kwa kila biashara.

Sheria ya Makampuni ya Tanzania, Sura ya 212, iliyotungwa mwaka 2002 na kuanza kutumika Machi 2006, huitambua kampuni kuwa binafsi pale katiba yake inapoweka mipaka katika kuhamisha hisa, inapozuia wanahisa wasizidi 50 bila kuhesabu wafanyakazi na waliowahi kuwa wafanyakazi wake, na inapokataza kualika umma kununua hisa au hatifungani zake, yaani hati za kuikopesha kampuni. Sharti hili la mwisho huvunjwa hata na watu wenye nia njema. Mkurugenzi anayeweka tangazo katika kundi la WhatsApp lenye mamia ya watu asiowajua, akataja bei ya hisa na namba ya kulipia, hajawashirikisha marafiki, ameualika umma. Kuualika umma kunahitaji waraka wa matarajio, yaani hati inayomweleza mnunuzi kuhusu kampuni na hisa zinazouzwa, ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na kutokujua sheria hakumwondolei mtu dhima.

Nafuu kubwa ya kubaki binafsi ni uamuzi. Wanahisa watatu wanaoaminiana wanaweza kukubaliana asubuhi kuacha gawio, yaani faida wanayogawiwa wanahisa, la mwaka mzima ili kununua mashine, na jioni azimio likawa limetiwa saini. Kampuni iliyoorodheshwa, yaani ile ambayo hisa zake huuzwa katika soko la hisa, haina wepesi huo, kwa kuwa inalazimika kutangaza hesabu zake za nusu mwaka na za mwaka, na taarifa yoyote inayoweza kugusa bei ya hisa lazima iwafikie wawekezaji wote kwa wakati mmoja. Makundi ya Bakhresa na MeTL, ambayo bidhaa zake zimo karibu katika kila duka la mtaani nchini, yamekua hadi kuvuka mipaka ya Tanzania yakiwa chini ya familia, bila kuuza hisa zake katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa hiyo anayedai kwamba kampuni haiwezi kuwa kubwa bila kuorodheshwa anakosea.

Hata hivyo, kampuni kuwa binafsi si kuwa ya siri, na hapa subira yetu hujaribiwa mno. Kila kampuni, hata ile isiyofanya biashara yoyote mwaka mzima, inapaswa kuwasilisha taarifa ya mwaka kwa Msajili wa Makampuni, ikieleza wakurugenzi, wanahisa, mgawanyo wa hisa na anwani. Anayechelewa hutozwa ada ya ucheleweshaji inayoongezeka kadiri miezi inavyopita, na ada hiyo hujumlishwa kwa kila mwaka uliorukwa, ndiyo maana mtu aliyekaa miaka kadhaa bila kuwasilisha hushtuka anapotaka huduma ndogo tu ya kubadili mkurugenzi. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, kampuni pia inapaswa kutoa taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaofaidika na kampuni au kuidhibiti, hata kama hisa zimeandikwa kwa jina la mtu mwingine au la kampuni nyingine. Kuandika jina la shemeji ili jina lako lisionekane si mpango wa biashara, ni kutoa taarifa za uongo. Kampuni ikikaa kimya hadi Msajili akawa na sababu ya kuamini kwamba haifanyi kazi tena, kifungu cha 400 kinampa mamlaka ya kuifuta katika daftari baada ya kutoa notisi.

Gharama ya kwanza ya kubaki binafsi ni mtaji. Kampuni binafsi hukua kwa faida yake yenyewe, kwa fedha za wanahisa au kwa mkopo, na benki zetu mara nyingi humtaka mkurugenzi atoe dhamana yake binafsi, pengine pamoja na hati ya nyumba anayoishi. Hapo kinga ambayo kampuni ilimpa mwanahisa dhidi ya madeni huwa imebaki kwenye karatasi. Kampuni iliyoorodheshwa ina njia nyingine: Vodacom Tanzania ilipouza hisa zake mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, ilikusanya takribani shilingi bilioni 476. Ikumbukwe kwamba haikuwa hiari kamili, kwani sheria ya mawasiliano iliwataka watoa huduma kuuza asilimia 25 ya hisa kwa umma. Kodi nayo ina uzito wake, kwa kuwa gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa kodi ya zuio, yaani ile inayokatwa kabla mwanahisa hajalipwa, ya asilimia 5, ilhali mwanahisa mkazi wa kampuni isiyoorodheshwa kwa kawaida hukatwa asilimia 10.

Gharama ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kutoka. Hisa ya kampuni iliyo sokoni ina bei inayojulikana kila siku ya biashara. Hisa ya kampuni binafsi haina bei hadi wahusika wakubaliane, na wanapokuwa wamekosana hawakubaliani. Mwenye asilimia 20 asiyepewa gawio wala nafasi katika bodi anaweza kukaa miaka bila kupata mnunuzi, kwa sababu katiba huwapa wanahisa waliopo haki ya kununua kwanza na huiruhusu bodi kukataa mgeni. Kifungu cha 233 kinamruhusu kwenda mahakamani iwapo mambo ya kampuni yanaendeshwa kwa namna inayomwonea, lakini kesi hizo ni ndefu na mara nyingi biashara huwa imedhoofika kabla ya hukumu. Mwanahisa anapofariki hali ni ileile: warithi hawaingii ofisini na kuanza kugawana magari ya kampuni, kwa kuwa magari hayo si ya marehemu. Mahakama humteua kwanza msimamizi wa mirathi, naye ndiye anayeshughulikia hisa.

Anayehamisha hisa afuate utaratibu kwa mpangilio wake. Hati ya kuhamisha hisa itiwe saini na pande zote mbili, bodi ipitishe azimio, kisha nyaraka zipelekwe Mamlaka ya Mapato kwa ajili ya kukadiria kodi itokanayo na faida ya mauzo pamoja na ushuru wa stempu. Bei ndogo iliyoandikwa kati ya ndugu wawili haiilazimishi mamlaka hiyo kuikubali. Kodi ikishalipwa ndipo maombi huingizwa katika mfumo wa usajili wa mtandaoni, na daftari la wanahisa la kampuni hurekebishwa. Aliyelipa fedha zote kwa makubaliano ya mdomo, akaja kuulizia umiliki baada ya muuzaji kubadili mawazo, ametuletea mgogoro ambao dirisha la usajili haliwezi kuuamua.

Kwa kampuni inayohitaji mtaji lakini haina historia ndefu ya faida, Soko la Hisa lina dirisha la kukuza ujasiriamali, ambalo benki iitwayo Maendeleo Bank ilikuwa ya kwanza kulitumia mwaka 2013 na ambalo humtaka mwombaji awe na mshauri mteule, yaani mtaalamu wa kuiongoza kampuni katika dirisha hilo. Anayeamua kubaki binafsi ana kazi ya kufanya mapema, wakati bado wanahisa wanapatana: afungue katiba ya kampuni yake, ambayo mara nyingi ilinakiliwa kutoka kwa kampuni nyingine bila kusomwa, na aweke humo namna hisa zitakavyothaminiwa, nani atamteua mthamini, mwanahisa anayeondoka atalipwa ndani ya muda gani, na gawio litaamuliwa vipi. Mabadiliko hayo hupitishwa kwa azimio maalumu la wanahisa na kuwasilishwa kwa Msajili.