Panga Haliimalizi Lantana: Dhana Potofu na Ukweli

Katika viwanja vingi vya Kigoma, kuanzia Ujiji hadi Kasulu, lantana, mmea wa kichaka wenye miba, iliachwa ikue kwa sababu maua yake yanapendeza, yakianza na rangi ya njano na kugeuka machungwa au mekundu kadiri yanavyokomaa. Wengi huamini kwamba siku itakapowachosha wataifyeka kwa panga na kazi itakuwa imekwisha. Hiyo ndiyo dhana inayogharimu zaidi. Nilifyeka kichaka kilichoziba njia ya kwenda kwenye migomba yangu wakati wa kiangazi, na mvua za Novemba ziliposhika, kila kisiki kilikuwa na machipukizi manne au matano. Tawi moja nililolisahau ardhini, lenye pembe nne na miba iliyopinda kama ndoano, lilikuwa limeshatoa mizizi palepale lilipogusa udongo wenye unyevu.

Ukweli ni kwamba panga huondoa matawi na majani tu, ilhali uhai wa lantana umejificha kwenye kitako cha shina, pale linapokutana na mizizi, na macho yaliyopo hapo huchipua upya kila yanapopata mwanga na maji. Kinachofaa ni kukata matawi na kubakiza shina lenye urefu wa kufika gotini ili upate pa kushika, kisha kusubiri mvua za mwanzo zilainishe ardhi, kuchimba pande zote kwa jembe au sururu, na kung'oa kitako chote. Mabaki yaanikwe juu ya mawe hadi yakauke kabisa, wala yasitupwe bondeni. Vaa glovu na shati la mikono mirefu, kwa kuwa miba ile huchana ngozi vibaya.

Wako wanaosema moto ndio dawa. Moto huunguza sehemu ya juu, lakini kitako kilichofunikwa na udongo mara nyingi husalimika, na ardhi iliyobaki wazi hupata mwanga mwingi, jambo ambalo lantana hulipenda kuliko mimea mingi ya kwetu. Isitoshe, moto wa mwezi wa Agosti hauheshimu mpaka wa kiwanja, na mwenye michikichi jirani yako anaweza kupoteza jasho la miaka mingi kwa mchana mmoja.

Dhana kwamba mmea huu ni wa asili ya huku nayo si kweli. Kwao ni maeneo ya joto ya Amerika, na ulisambazwa duniani kama pambo la bustani. Leo umo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni ushauri wa kuwaachia mifugo waile. Majani ya lantana yana sumu inayoharibu ini. Ng'ombe au kondoo aliyeyala kwa wingi, hasa malisho yanapokuwa haba, hugeuka njano machoni, huacha kula na kukimbilia kivulini, kwa kuwa ngozi yake isiyo na manyoya mengi, kama ya puani na masikioni, huungua juani. Mbuzi pia hudhurika. Mnyama mwenye dalili hizo apelekewe daktari wa mifugo mapema, na aondolewe juani mara moja.

Kuhusu dawa za kuua magugu, kunyunyizia majani yaliyojaa vumbi wakati wa ukame ni kumwaga fedha. Dawa hufanya kazi vizuri zaidi kwenye machipukizi mabichi ya masika, au ikipakwa kwenye kisiki mara tu baada ya kukikata. Fuata maelezo ya kibandiko na ukae mbali na kisima na mboga.

Mwisho, usidhani kwamba ua wa lantana uliopunguzwa vizuri hauwezi kusambaa. Matawi machanga huchanua haraka na kuzaa vijitunda vinavyoiva vikiwa vyeusi. Shore na ndege wengine huvila, kisha huangusha mbegu chini ya miembe wanapotua. Mbegu hizo huweza kukaa ardhini kwa miaka kabla ya kuota, kwa hiyo kagua chini ya miti baada ya kila mvua kubwa. Mche wenye majani manne tu hutoa harufu kali ukiusugua kwa vidole, na kwa umri huo hung'oka kwa mkono mmoja. Mahali ulipoung'oa, panda viazi vitamu vifunike udongo kabla mche mwingine haujapata mwanga.