Kinga (baiskeli) ya umeme haijichaji kwa mteremko, tafazali muache kudanganyana

Tangu picha za ile kinga mupya ya umeme ya mulimani, ile nyepesi, zianze kuzunguka kwa WhatsApp, atelie yangu hapa Kadutu, mutaa wa Bukavu, imekuwa kama ofisi ya maulizo. Haijatoka bado lakini kila mutu ameshapanga nayo safari. Sina shida na hiyo, hata mimi naingoja, nimetengeneza baiskeli miaka mingi na najua vile milima ya Bukavu inamaliza magoti ya watu, kwa hiyo chombo cha kilo 17 ao 18 chenye moteri ndani ni kitu cha kufurahia kabisa. Shida ni yale maneno yanayotembea pamoja na picha. Nimeyajibu mpaka mudomo umekauka, acha niyaandike.

Lile linaloniuma kuliko yote: eti ukishuka mulima batri inajijaza yenyewe.

Mwezi uliopita papa mumoja, mutu muzima na heshima zake, aliniletea kinga ya umeme ya mulimani, akaniambia: fundi, hii iko na ugonjwa, nilishuka nayo toka Kadutu mpaka karibu na ziwa, batri ilikuwa 9 kwa mia na nimefika chini bado iko 9. Nikamuambia papa, haiko na ugonjwa, iko nzima kabisa. Aliyemuuzia alimuapia kwamba mteremko ni sawa na shaja. Basi yule papa alitoka nyumbani na batri karibu tupu makusudi, akitegemea ijae njiani, na kurudi juu aliisukuma kwa mikono, kilo 23, jua la saa saba. Sikucheka hata kidogo, ilinikasirisha, maana alilipa dola zake nyingi kwa sababu ya uongo mutupu.

Kama una baiskeli yoyote hapo nyumbani jaribu hivi. Inua gurudumu la nyuma, lizungushe mbele kwa mukono, halafu usikilize. Ile tiki-tiki-tiki ni friwili, kile kifaa kinachoacha gurudumu lizunguke bila kuvuta cheni. Sasa angalia cheni: imetulia, na pedali zimetulia pia. Kinga zote hizi nyepesi za mulimani munazozingoja ziko na moteri katikati, pale kwenye pedali, na nguvu yake inapitia cheni kwenda gurudumu la nyuma. Njia ni ya upande mumoja. Gurudumu likizunguka lenyewe kwa mteremko, friwili inaliachia, cheni haivutwi na moteri haizunguki hata nusu. Moteri isiyozunguka itatengeneza umeme gani? Na kukanyaga kurudi nyuma hakusaidii, na kukanyaga kwa nguvu kwa njia ya tambarare hakusaidii, nimeulizwa yote hayo. Nguvu ya mteremko inaishia kwa breki, inageuka joto, njo maana ukifika chini disiki inaunguza kidole.

Kuko moteri zinazorudisha umeme, sitaki mutu aseme nimeficha. Ni zile za ndani ya gurudumu zisizo na giya wala friwili, sumaku inazunguka pamoja na gurudumu muda wote. Lakini ni nzito, zinaweka uzito wote nyuma kwenye gurudumu linaloruka mawe, na kile zinachorudisha ni kidogo tu ukilinganisha na kile ulichotumia kupanda. Mutu anayetengeneza kinga nyepesi ya mulimani anakimbia uzito kwanza, hawezi kubeba kilo za ziada kwa ajili ya matone.

Na tufanye hesabu, maana hesabu haina ndugu. Mutu wa kilo 75, kinga ya 18, mufuko mudogo wa 2, jumla kilo 95. Kupandisha huo uzito mita 100 kwenda juu kunataka karibu wati-saa 26 (wati-saa ni kipimo cha umeme unaotumika ao unaokaa ndani ya batri), na hapo sijahesabu matope, upepo, wala joto linalopotea ndani ya moteri. Batri za kinga nyepesi nyingi ziko kati ya wati-saa 320 na 430. Ziwa Kivu liko mita 1,460, kilele cha mulima Kahuzi kiko mita 3,308. Kumutoa huyo mutu kwa ziwa mpaka kileleni ni karibu wati-saa 480. Ni kusema batri ya kinga nyepesi, peke yake, haifiki. Nani anamalizia? Miguu yako.

Hapo tumeingia kwa ile ya pili, eti ni pikipiki ndogo, utakaa tu kama abiria. Hapana. Moteri iko na kifaa kinachopima vile unakanyaga, ukiacha kukanyaga nayo inaacha. Zile zinazofuata sheria ya Ulaya ziko na moteri ya wati 250 za kudumu, na msaada unakatika ukifika kilomita 25 kwa saa, juu ya hapo ni wewe na mapafu yako. Mama anayetaka kitu cha kumubeba bila jasho toka Bagira mpaka mujini, nampenda na ninamuheshimu, lakini aendelee na pikipiki ya kawaida.

Watu wanasema tena nyepesi maana yake dhaifu. Hiyo ilikuwa na ukweli kidogo zamani, na si zamani sana. Kampuni ya Specialized walipotoa kinga yao nyepesi Levo SL mwaka 2020, moteri yake ilikuwa ya niutoni-mita 35 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), wakati moteri kubwa za kawaida zilikuwa karibu 70 mpaka 90. Halafu ikaja moteri ya kampuni ya TQ ya niutoni-mita 50 na uzito wa kilo 1.85 tu, Bosch wakatoa moteri yao SX ya 55 mwaka 2023, na mwaka 2024 DJI, wale wa droni, wakaleta moteri ya 105 yenye kilo 2 na nusu, watu wakashika vichwa. Kwa hiyo ukiona kinga ni nyepesi usihukumu moteri kwa macho, soma namba. Na ukisoma kilo zilizoandikwa kwa tangazo, uliza walipima saizi gani, batri ipi, na kama pedali zilikuwemo, maana mara nyingi wanapima ile ndogo kabisa isiyo na pedali.

Acha niseme kitu kimoja ambacho wateja wangu wananichokea nacho. Moteri ndogo inapenda mguu wa haraka. Hapa kwetu tumezoea kukanyaga vitesi (giya) nzito, polepole, mwili wote unayumba, kama tunavyofanya na baiskeli ya mizigo. Ukifanya vile na moteri nyepesi itapata joto, itakula batri, na utasema haina nguvu. Shusha vitesi mapema, kabla mulima haujakushika, pedali zizunguke mara 80 hivi kwa dakika. Utafikiri nimekubadilishia moteri.

Eti juu sana moteri inakosa pumzi. Ya petroli ndiyo, inataka hewa. Ya umeme haipumui. Kule juu utachoka wewe, yenyewe itaendelea.

Eti itamaliza umeme wa nyumba. Batri ya wati-saa 400 kuijaza ni chini ya pasi ya wati 1,000 iliyowaka nusu saa. Mutu anapiga pasi mashati ya wiki nzima halafu anaogopa kinga! Tatizo letu ni umeme kukatika, na hapo ushauri wangu ni kuchaji mchana ukiwa karibu, kwa shaja yake yenyewe, si ya kuokota sokoni kwa sababu kichwa chake kimeingia kwa tundu. Kichwa kuingia hakumaanishi volti ni sawa. Shaja mbaya na batri ya lithiamu ni moto ndani ya nyumba, na moto wa lithiamu hauzimiki kirahisi. Kama utaiweka wiki nyingi bila kuitumia, iache karibu nusu, si imejaa wala si sifuri. Batri iliyoachwa sifuri miezi mitatu nimeshazika nyingi, haziamki.

Halafu kuko hii, na naomba muisome vizuri kabla hamujatuma pesa: "ndugu yangu anatoka Ubelgiji, atanibebea kwa ndege." Hatakubebea. Abiria haruhusiwi batri ya lithiamu inayopita wati-saa 160, na hata kati ya 100 na 160 ni lazima kampuni ya ndege ikubali. Ya kinga ni mara mbili ya hapo ao zaidi. Wataizuia uwanjani na ndugu yako ataruka bila hiyo. Najua mutu aliyefikishiwa kinga bila batri, akaniambia fundi nitafutie ingine hapa. Ingine gani? Batri na moteri za makampuni haya zinaongea zenyewe kwa zenyewe, ukiweka ya jina lingine moteri inakataa kuwaka. Sasa iko kwa ukuta wa sebule, kinga ya bei kali inayokanyagwa kama ya kawaida, tena nzito kuliko ya kawaida. Njia ya kweli ni mizigo ya meli mpaka Dar es Salaam ao Mombasa, na makaratasi yanayosema wazi kwamba ndani kuko batri ya lithiamu, halafu barabara. Inachukua muda. Agiza pamoja na cheni ya akiba, vitambaa vya breki na shaja ya pili, maana kontena haitarudi kwa ajili ya kitambaa cha breki.

Na mvua. Wengi wanauliza kama itakufa na mvua ya hapa. Mvua haiiui, imetengenezwa kwa matope. Kinachoiua ni wale vijana wa kuosha magari na ule mupira wao wa maji ya nguvu, wanaupiga moja kwa moja pale kwenye pedali, maji yanapita kwenye mipira ya kuzuia na kuingia ndani ya moteri. Ndoo, kitambaa, brashi ya meno kwa cheni. Ukileta kwangu moteri iliyoingia maji ya mupira nitaifungua, lakini sitakuahidi kitu.