Baiskeli ya Kwanza: Iangalie Njia Yako Kabla ya Kuangalia Rangi

Baiskeli nyingi zinazoletwa kwenye karakana ya chuo chetu cha mafunzo ya amali hazijatimiza hata mwaka tokea zinunuliwe. Wenyewe huja na malalamiko yale yale: nzito, inaumiza magoti, mnyororo unachomoka, kutu imeshaingia. Tukiifungua, aghalabu hatuoni kasoro ya kiwandani. Baiskeli ni nzima, ila haikuwa ya njia ile wala ya mwili ule. Mnunuzi alifika dukani akaangalia rangi, akahesabu gia, akapatana bei, akaondoka nayo.

Makala hii ni ya yule anayetaka kununua baiskeli kwa mara ya kwanza hapa Unguja au Pemba, awe kijana wa kazini, mama anayekwenda kwenye mwani, au mtu mzima aliyeambiwa na daktari auchangamshe mwili.

Njia kwanza

Kabla ya kwenda dukani, ijue njia utakayoipita siku nyingi za wiki. Usifikirie safari ya sikukuu. Fikiria ile ya kazini, skuli, sokoni au shamba.

Anayetoka Bububu au Mwanakwerekwe kuja Darajani anapita lami karibu njia nzima, na miinuko si ya kutisha. Huyu hana haja ya gia 21. Gia moja inamtosha, na tatu zitamstarehesha. Ukielekea mashariki na kusini mwa Unguja mambo yanabadilika. Paje, Bwejuu na Jambiani barabara kuu ni ya lami, lakini ukikata kuingia kijijini unakutana na mchanga na mawe ya matumbawe yaliyochongoka. Tairi jembamba likiingia mchangani linazama na usukani unakukatalia. Likipiga jiwe, tyubu inabanwa na rimu na kutoboka matundu mawili yanayokabiliana. Mtu akakuta pancha ya namna hiyo hana haja ya kutafuta msumari. Huko kunataka tairi pana, la inchi 1.95 au zaidi.

Pemba ni habari nyingine kabisa. Vilima vyake si virefu lakini vimefuatana: unateremka bonde, unapanda, hujapumua unateremka tena. Anayekwenda Wete kutoka Chake Chake kwa baiskeli ya gia moja atashuka na kuisukuma mara nyingi hata akiwa na kifua cha mvuvi. Kwa Pemba nashauri bila kusita: nunua yenye gia, na uhakikishe ipo gia nyepesi, yaani duara dogo la meno mbele na duara kubwa nyuma. Wingi wa gia peke yake si kitu ikiwa zote ni nzito. Halafu ziangalie breki kwa makini kuliko gia, kwa sababu kila ulipopanda utateremka, na wakati wa masika barabara huwa na maji na udongo mwekundu uliotoka mashambani.

Zipi zinafaa

Kwa anayeanza mjini na kwenye barabara za lami za Unguja, nampendekezea ile baiskeli ya kapu, ya mtumba kutoka Japani. Watu huidharau kwa kuiita ya kike au ya wazee, na kwa kweli wanajinyima. Inakuja na kapu mbele, keria nyuma, madigadi, kifuniko cha mnyororo, taa ya dinamo, stendi, na mara nyingi kufuli lililofungwa kabisa kwenye gurudumu la nyuma. Anayenunua baiskeli ya milimani huvinunua vitu hivyo kimoja kimoja, kwa fedha nyingine.

Kwa mwanamke wa buibui au kanga faida yake ni kubwa zaidi. Fremu imeshuka katikati, kwa hiyo hakuna haja ya kurusha mguu. Mnyororo umefunikwa. Hata hivyo angalia upande wa pili: pindo la nyuma hupeperuka na kunaswa na spoku za gurudumu la nyuma, nayo ni ajali mbaya kwa sababu gurudumu husimama ghafla. Zipo baiskeli zenye wavu au plastiki ya kukinga spoku upande wa juu wa gurudumu hilo. Kama yako haina, fundi anaweza kufunga wavu wa plastiki kati ya madigadi na keria. Ni kazi ndogo, na ningependa kila baiskeli ya mwanamke itoke nayo dukani.

Zile baiskeli nyeusi za chuma, za magurudumu ya inchi 28, ni za mzigo. Anayebeba majani ya ng'ombe, madafu au tenga la samaki hatapata iliyo bora kuliko hiyo, na hakuna fundi wa kijijini asiyeijua. Udhaifu wake ni breki. Rimu ya chuma ikirowa, mpira wa breki huteleza juu yake, na mahali ulipozoea kusimama utapapita. Rimu za alumini hushika vizuri zaidi kwenye mvua.

Baiskeli za milimani ndizo vijana wanazozitaka, na kwa njia za mchanga na mawe zinafaa. Jihadharini lakini na zile za bei rahisi zenye shokapu mbele na nyingine katikati ya fremu. Shokapu ya katikati ikiwa duni inakula nguvu: kila ukikanyaga pedeli, sehemu ya nguvu yako inaishia kwenye springi. Baada ya muda viungo vyake hushika kutu na fremu huanza kuchezacheza. Kwa fedha hiyo hiyo chukua isiyokuwa na shokapu ya katikati, yenye rimu za alumini na breki nzima. Zile za mashindano, za matairi membamba na usukani uliopinda, waachieni wanaojua wanachokifuata.

Kimo chako

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika, na hapa ndipo magoti yanapoumia.

Simama umeipandia fremu, nyayo zote mbili chini, mbele ya kiti. Kati yako na bomba la juu la fremu ibaki nafasi ya sentimita 3 hadi 5 hivi. Ikiwa bomba linakugusa, baiskeli hiyo ni kubwa kwako, hata ikiwa bei yake ni nzuri. Kisha kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedeli na uishushe mpaka chini kabisa. Mguu unyooke bila ya kiuno kuinamia upande mmoja. Ukiendesha sasa kwa kukanyagia sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo itakiwavyo. Kiti kikiwa chini mno goti huuma kwa mbele. Kikiwa juu mno huuma kwa nyuma, na kiuno hucheza kulia na kushoto. Asiyejua kuendesha kabisa aanze na kiti cha chini mpaka nyayo zifike ardhini, akishapata mizani akipandishe kidogo kidogo.

Nguzo ya kiti ina mstari uliochongwa kuonesha mwisho wa kuipandisha. Ukiuona mstari huo umetoka nje ya fremu, nguzo inaweza kukatika nawe uko juu yake.

Kwa watoto, wazazi wanapenda kununua kubwa "atakulia humo humo." Mtoto asiyefika ardhini hawezi kusimama kwa salama, wala mikono yake haizifikii breki vizuri. Kwa kukisia, gurudumu la inchi 16 ni la mtoto wa miaka mitano au sita, inchi 20 ni la miaka saba hadi tisa, na inchi 24 humfaa mpaka miaka kumi na mbili hivi. Mwili wake ndio wa kuangaliwa kuliko umri, kwa hiyo nendeni naye dukani.

Namba za tairi na kile kimpira

Kuna jambo moja linalowapotezea watu fedha kila siku. Mtu ana baiskeli ya Kijapani, tairi limekwisha, anakwenda dukani na kusema, "Nipe tairi la 26." Anapewa, anafika nyumbani, haliingii. Si kwamba limekosewa kiwandani. Tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8 na lile lililoandikwa 26 x 2.125 yote huitwa ishirini na sita, lakini rimu zake zinatofautiana milimita 31 za kipenyo. Angalia pembeni ya tairi lako la zamani, utaona namba nyingine ndogo yenye kistari, kama 37-590. Namba ya mwisho, yenye tarakimu tatu, ndiyo ya rimu. Baiskeli nyingi za kapu zina 590, nyingi za milimani za inchi 26 zina 559, na zile nyeusi za 28 x 1 1/2 zina 635. Iandike kwenye simu yako. Hapo hapo pembeni ya tairi pameandikwa pia kiasi cha upepo linachohimili. Tairi lenye upepo mdogo kuliko unaotakiwa huifanya baiskeli nzito, na wengi wanaolalamikia uzito dawa yao ni pampu.

La pili ni vali. Baiskeli za kapu na zile nyeusi zina vali ambayo ndani yake mmevikwa kimpira chembamba kinachozuia upepo usirudi. Kimpira hicho huchoka na kupasuka, na joto letu halikisaidii. Upepo ukitoka polepole usiku mzima, usikimbilie kuziba pancha. Fungua vali, kitoe, ukiangalie. Kikiwa kimenata au kimechanika, kibadilishe kwa kipya. Ni kitu cha bei ndogo sana, nunua kadhaa uviweke.

Vifaa vya kuanzia

Fedha ikiwa ndogo, anza na taa. Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na giza likianza halichelewi. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Ya nyuma ndiyo inayosahauliwa, na gari linalokuja kwa kasi linatokea nyuma. Taa ya dinamo huzimika ukisimama, kwa hiyo hata mwenye dinamo aongeze kiakisi mwanga chekundu au taa ya betri nyuma.

Kengele inafuata, hasa kwa anayepita vichochoro vya Mji Mkongwe ambako kila kona mtu anaweza kutokea. Kisha pampu inayoingiana na vali yako, viraka na gundi yake, na kufuli. Kufuli la gurudumu linamzuia mwizi kuiendesha ila halimzuii kuibeba, kwa hiyo ifungie kwenye kitu kisichong'oka.

Kofia ngumu naisisitiza kwa watoto na kwa anayetumia barabara kuu. Ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini ya masikio, na chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja. Iliyosukumwa kisogoni haikingi paji la uso. Ikishapata pigo la ajali, haitumiki tena hata kama nje haina ufa.

Mipira ya tyubu kuukuu ni mizuri kwa kufungia mzigo kwenye keria, na hakuna inayoishinda kwa bei. Tatizo lake ni ncha. Ncha ya mpira ikiachwa inaning'inia huingia kwenye spoku au kujizungusha kwenye meno ya gia. Ukishafunga, ichomeke ncha chini ya fundo.

Chumvi

Visiwani kwetu adui wa baiskeli ni chumvi, na inatufuata kwa upepo kaskazi na kusi. Kuendesha ufukweni maji yakipwa kunavutia, mchanga huwa mgumu na njia imenyooka, lakini maji ya bahari yakiingia kwenye gololi za magurudumu huzitafuna kwa ndani usikokuona. Ukitoka pwani, imwagie maji matamu, ikaushe kwa kitambaa, kisha utie mafuta kwenye mnyororo na ufute yanayozidi. Tumia mafuta mepesi ya mashine. Mafuta ya kupikia hunata, yakishika mchanga yanausaga mnyororo. Fremu ya alumini haili kutu kama chuma, ila boliti zake nyingi ni za chuma, kwa hiyo nayo haiachwi mvuani.

Ukinunua ya mtumba

Inua gurudumu na ulizungushe: likiyumba, rimu imepinda au spoku zimelegea. Shika breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma: ukisikia kitu kinagonga kwenye shingo ya usukani, gololi zake zimekwisha au zinataka kukazwa. Chunguza rangi chini ya shingo, hapo fremu inapochomelewa. Rangi iliyokunjana au kupasuka mahali hapo ni dalili kwamba iligongwa, nami nisingeichukua kwa bei yoyote. Uvute mnyororo mbele, utoke kwenye duara kubwa la meno. Ukiona karibu nusu ya jino, mnyororo umelika, na pengine meno nayo.

Uliza pia breki ipi ni ya mbele. Baiskeli za Japani huiweka mkono wa kulia, nyingi za Uholanzi na Ujerumani huiweka kushoto, na zipo zinazofunga breki ukirudisha pedeli nyuma. Ijaribu ukienda polepole kabla hujaingia barabarani. Dai risiti au maandishi ya muuzaji, kwani baiskeli ya wizi ikipatikana kwako utaikosa pamoja na fedha zako.

Na iwe mpya au ya mtumba, irudishe kwa fundi baada ya wiki mbili tatu za kuiendesha. Spoku na waya za breki hutulia na kulegea katika siku za mwanzo, na mikono ya pedeli isipokazwa mapema hula mashimo yake, basi hapo haikaziki tena na hubadilishwa yote.