Iridium haikuangushwa na setilaiti zake

Kwa zaidi ya miaka 20 watu wamekuwa wakisema kwamba Iridium, simu ya setilaiti iliyoasisiwa na Motorola, ilianguka kwa sababu mitambo yake haikufanya kazi. Sivyo. Ilifanya kazi, tena vizuri: setilaiti 66 zilizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 780 hivi, zikipokezana mawasiliano zenyewe kwa zenyewe huko juu, hata aliye katikati ya bahari akapata laini.

Kilichokosekana ni mnunuzi. Huduma ilipofunguliwa Novemba 1998, simu moja iliuzwa kama dola 3,000, na kila dakika ya maongezi iligharimu dola kadhaa. Mlengwa alikuwa mfanyabiashara wa safari nyingi. Mtazame basi: yuko hotelini, ameshika simu nzito kama tofali yenye antena nene, na ili apige inabidi atoke nje asimame mahali peupe, maana ndani ya jengo mawimbi hayafiki. Mfukoni ana simu ndogo ya kawaida inayoshika hapohapo. Mpango ulibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na ulipozinduliwa minara ilikwishaenea katika miji aliyoitembelea.

Agosti 1999 kampuni ikafilisika. Mtandao uliogharimu takriban dola bilioni 5 ukauzwa kwa milioni 25 hivi. Setilaiti zilezile zikaanza kuwahudumia wanajeshi wa Marekani, mabaharia na marubani, watu ambao kweli hawana mnara karibu, hadi zilipopokewa na kizazi kipya kilichorushwa kati ya 2017 na 2019.