Mgongano wa mawimbi si mwingiliano

Hapa Mombasa, mita ya maji ya Bamburi inayotuma usomaji kwa redio ikikosa kuuleta, fundi husema ni mwingiliano. Ikikosa ya Majengo, mwingiliano. Zikikosa nusu ya mita zote kila ifikapo saa moja kamili, bado ni mwingiliano, na dawa ni ile ile: ongeza nguvu ya kurushia. Hapo jina lisilo lake limeshaharibu kazi. Kilichotokea saa moja kamili ni mgongano, na mgongano hautibiwi kwa nguvu.

Maana yenyewe ni fupi. Mgongano ni jumbe mbili au zaidi, za vifaa vya mtandao mmoja, kukifikia kipokezi kimoja kwa wakati mmoja kwenye mkondo mmoja wa masafa, kipokezi kikashindwa kuzitenganisha. Kuepuka mgongano ni kila mpango wa kupunguza uwezekano wa hilo.

Sasa tuyatazame maneno. Gonga huzaa gongana, na ingilia huzaa ingiliana. Kiambishi cha kutendana kimo kote kuwili, kwa hiyo tofauti iko kwenye mizizi. Unayegongana naye yumo njiani pamoja nawe, ana haki ya kuwapo kama wewe. Anayekuingilia ametoka nje, kaja pasipo pake: injini chakavu, taa yenye saketi mbovu, mtambo wa jirani unaotumia masafa yale yale. Kila mgongano waweza kuuita mwingiliano ukipenda, lakini si kila mwingiliano ni mgongano. Aliyetoka nje hutafutwa akaondolewa, au huhamwa. Wenzako huwezi kuwaondoa. Unapanga nao zamu.

Hata "gongana" hupotosha kidogo, maana mtu hudhani mawimbi huvunjana hewani kama tuktuk mbili pale Mwembe Tayari. Hayavunjani. Simama Mji wa Kale wakati wa magharibi, adhana za misikiti kadhaa zikipandana. Hakuna sauti iliyovunja nyingine. Kila moja imepita ikaenda zake. Kilichoshindwa ni sikio lako kufuata maneno. Na ukisogea chini ya mnara mmoja, ule unausikia wazi ingawa mingine haijanyamaza. Redio nazo ziko hivyo: ujumbe mmoja ukiuzidi mwingine kwa kama desibeli 6, yaani nguvu mara nne hivi, mara nyingi ule wa juu husomeka na wa chini ndio unaopotea. Kwa hiyo mgongano hutokea kwenye kipokezi. Ndiyo sababu mita ya Likoni na ya Kisauni, ambazo hazisikiani kabisa, hugongana kwenye kipokezi kilicho juu ya paa la ghorofa Makupa. Kuziamuru zisikilize kwanza kabla ya kurusha hakusaidii, kwa kuwa kila moja itasikia kimya. Tena kusikiliza kunakula betri: redio iliyolala hutumia chini ya maikroampea 1, ikiwa inasikiliza hufika miliampea 10 na zaidi.

Hesabu ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao wa redio wa ALOHAnet. Aloha ni salamu ya Kihawaii. Kanuni yake: ukiwa na ujumbe, rusha. Kwa kanuni hiyo, mkondo hauwezi kubeba zaidi ya asilimia 18 ya uwezo wake kabla migongano haijautawala. Muda ukikatwa vipande sawa na kila mtu akaanzia mwanzoni mwa kipande, hufika asilimia 37. Mita nyingi za LoRaWAN, mtandao wa redio wa masafa marefu unaotumia umeme kidogo, bado hurusha kwa kanuni ile ya kwanza, kwa hiyo muda ambao ujumbe unakaa hewani ndio kila kitu.

Chukua mita za maji 500, mkondo mmoja, kila mita ikirusha baiti 23 kila dakika 15. Ngazi za kurushia huanzia SF7 hadi SF12: namba ikipanda, ujumbe hufika mbali zaidi lakini hukaa hewani zaidi. Kwa ngazi ya SF7 ujumbe hukaa hewani milisekunde 62 hivi, na jumbe 93 katika kila 100 hupita salama. Sasa fundi akaona mita za nyuma ya kuta nene za mawe ya matumbawe hazisikiki vizuri, akazipandisha zote 500 hadi SF12. Ujumbe ule ule sasa unakaa sekunde 1.48. Zinazopita ni 19 katika 100. Alitaka zisikike mbali, akazifanya zizibane midomo. Panda ngazi kwa zile chache za nyuma ya kuta tu, na utumie mikondo yote ambayo kipokezi kinaruhusu, si mmoja.

Halafu kuna saa. Stima ikipotea mtaani na kurudi, vifaa vyote vinavyoitegemea huamka pamoja na kurusha pamoja, kisha tena pamoja kila baada ya dakika 15. Kila kifaa kichague chenyewe, kikiwaka, muda wa kusubiri kati ya sekunde 0 na 900, na kila mzunguko kiongeze au kipunguze hadi sekunde 90 kwa bahati nasibu. Mbegu ya bahati nasibu, yaani namba ambayo uchaguzi huo huanzia, itoke kwenye namba ya kifaa chenyewe. Mbegu ikiwa moja kwenye programu yote, vifaa vyote "huchagua" sekunde ile ile.

Wala usidai kipokezi kijibu kila usomaji. Vipokezi vingi haviwezi kusikia vikiwa vinarusha, kwa hiyo kila jibu linawafuta wengine waliokuwa wakisema. Namba ya mita ya maji hujumlishwa. Usomaji uliopotea huzibwa na unaofuata.

Fundi akikwambia tena ni mwingiliano, mwombe kwa upole orodha ya namba za jumbe zilizokosekana na saa zake. Mita zenye mawimbi dhaifu zikikosa siku nzima, tatizo ni umbali au kuta. Mkondo mmoja tu ukiharibika, huo ndio mwingiliano, na hapo hajakosea. Mita zenye mawimbi mazuri zikikosa kwa makundi, dakika zile zile, ni mgongano. Na vipeperushi vya wauzaji vinavyosema kifaa "huzuia migongano" viandikwe "huepuka", kwani hata mita zile za SF7 zilipoteza jumbe 7 katika kila 100.