Je, wajua kwa nini kipanga wa kuwindia huvishwa vikuku vya ngozi, si kamba?

Pale mwaloni Kirumba, jijini Mwanza kando ya Ziwa Victoria, dagaa wakianikwa mwewe hawako mbali. Anashuka, anadokoa, anakula huku anapaa, na akina mama wanaoanika wameshazoea kumtukana bila hata kuinua kichwa. Asubuhi moja mmoja wao alikuwa hadokoi kitu. Alikuwa ananing'inia kichwa chini kwenye mwarobaini, mguu mmoja umenaswa tawini kwa kipande cha uzi wa nyavu, ule wa plastiki unaong'aa kama maji. Kijana wa mtumbwi akapanda na upondo, akamshusha. Uzi ulikuwa umezama mguuni hadi hauonekani. Ulichoona ni mfereji tu, na chini ya mfereji vidole vimevimba kama tangawizi.

Mzee aliyekuwa kando akishona nyavu akatazama, akatikisa kichwa. "Hivi wale Waarabu wanaowinda kwa kipanga, si nao huwafunga miguu? Mbona wa kwao hawaozi?"

Hakuna aliyemjibu. Swali ni zuri, kwa sababu ni kweli huwafunga. Uwindaji wa kutumia ndege ni wa kale sana, upo Uarabuni, Asia ya Kati na Ulaya, na mwaka 2010 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Popote unapofanyika, ndege huwa na kitu miguuni, na anaweza kukaa nacho miaka bila kidonda. Tofauti iko kwenye kile anachofungwa nacho na jinsi kinavyokaa, ila kuielewa lazima kwanza uujue mguu wenyewe.

Mguu wa ndege unatudanganya. Kile kijiti chembamba chenye magamba, juu kidogo ya vidole, tunakiita muundi, lakini kwa mifupa yake ni unyayo uliosimama wima. Lile "goti" linalokunjika kwenda nyuma ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limejificha juu, ndani ya manyoya. Kwa maneno mengine, kipanga maisha yake yote anatembea kwa ncha za vidole. Na kwenye unyayo huo mrefu hakuna nyama: kuna mfupa, mishipa ya damu, na kano zinazoshuka kwa nyuma kwenda kukunja vidole. Kano hizo ndizo mtaji wake wote, maana kipanga huua kwa kubana. Sasa zungushia uzi hapo. Uzi haukuti mto wa nyama wa kuupokea, unakwenda moja kwa moja kwenye ngozi, kisha kwenye kano.

Kama unabisha, fanya jaribio la jikoni. Chukua mfuko wa sukari wa kilo moja, uning'inize kwenye kidole chako cha shahada kwa uzi wa kushonea magunia, uhesabu hadi 30. Pumzika, kisha rudia kwa kipande cha mkanda wa ngozi chenye upana wa sentimita moja na nusu. Sukari ni ileile. Mara ya kwanza mimi sikufika 30.

Na sukari imetulia. Kozi jike wa aina ya perigrini, ndege mwingine wa kuwindia, yule ambaye akijitupa kutoka juu hupita kilomita 300 kwa saa, ana uzito unaokaribia kilo moja. Furukombe jike, tai wetu wa ziwani mwenye kichwa cheupe, hupita kilo tatu. Ndege wa namna hiyo akishtuka pale alipofungwa hajivuti polepole. Anachupa kwa nguvu zote, anafika mwisho wa kamba, na uzito wake wote unatua kwenye kile kijiti kwa mara moja. Akiwa amefungwa mguu mmoja, kamba ndefu, mfupa unaweza kuvunjika siku hiyohiyo.

Ndiyo maana wawindaji hugawa kazi ya kumshika ndege kwenye vipande vinne, na kwa bahati nzuri Kiswahili kina maneno ya karibu vyote.

Cha kwanza ni kikuku: ukanda mpana wa ngozi unaozungushwa juu kidogo ya vidole, kila mguu na chake. Ncha zake mbili hukutanishwa nyuma na kubanwa kwa kipete cha shaba chenye tundu, kama vile vipete ambavyo kamba ya kiatu hupitia. Cha pili ni ukanda mwembamba unaopita kwenye tundu hilo na kuzuiwa na fundo lake wenyewe. Huu ndio mwindaji anaoubana kwa vidole ndege akiwa juu ya glavu. Cha tatu ni kizungusho, pete mbili za chuma zilizounganishwa ili kila moja izunguke kivyake. Bila hicho, ndege akijigeuza mara kumi kanda za miguu miwili zinasokotana hadi miguu inafungwa pamoja kama kuku wa sokoni. Cha nne ni kigwe, kamba inayotoka kwenye kizungusho hadi kwenye kigingi au glavu.

Kigwe hukatwa kifupi kwa makusudi. Mtu mwenye huruma hutaka kumpa ndege kamba ndefu apate nafasi, kumbe anampa nafasi ya kushika kasi kabla ya kukwama. Hapo huruma ndiyo inayoumiza. Na fundo la kukifunga hufungwa kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili una ndege mwenye kucha. Nimejaribu kujifunza fundo hilo kwenye mguu wa kiti. Kiti kilinishinda mara kadhaa, na kiti hakina kucha.

Kuna wanaoongeza njuga ndogo za shaba. Mcheza ngoma huvaa njuga asikike. Kipanga naye huvishwa ili mwindaji ajue yuko kichaka gani. Wajuzi wa zamani walichagua mbili zenye sauti zinazopishana kidogo, kwani sauti mbili zisizolingana husikika mbali zaidi ya moja. Siku hizi wengi huongeza na kifaa cha redio au cha setilaiti, chenye uzito wa gramu chache tu.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo wengi huharibu. Kikuku kinatakiwa kizunguke mguu kama bangili inavyozunguka mkono, na kiteleze kidogo juu na chini bila kukwaruza magamba. Kikibana, damu hairudi, vidole vinavimba, na umerudi kwenye uzi wa Kirumba. Kikilegea ni hatari ya namna nyingine: kidole cha nyuma, chenye ukucha mrefu kuliko vyote, kinaweza kuingia ndani ya kikuku na kukwama, ndege akashindwa kukanyaga. Pia huwezi kununua saizi moja ukaiita "ya kipanga". Kwa ndege hawa jike ni mkubwa kuliko dume, wakati mwingine kwa theluthi nzima, kwa hiyo kikuku cha mama hakimfai kaka. Wanaojua hupima mguu wa ndege mwenyewe kwa karatasi au kipande cha ngozi chakavu, mtu mmoja akiwa amemshika na kumfunika kichwa, kabla hawajakata ngozi nzima.

Nilitaka kuona kazi hiyo kwa macho, nikaenda kwa fundi viatu mmoja Igogo na mchoro niliouchora mwenyewe.

"Hii ya nini, mwanangu?"

"Ya mguu wa ndege, mzee."

Akavua miwani. "Kuku gani huyo wa kuvaa viatu?"

Nilipomweleza hakucheka tena. Alichomoa kipande cha ngozi ya mbuzi, akakivuta kwa vidole gumba, akakitupa pembeni: laini, lakini inavutika, kesho kikuku kitakuwa kimepanuka. Akachukua ya ndama, nyembamba, akaivuta, ikakataa. Alipokata ukanda hakuuacha na kingo kali. Alizinyoa kwa kisu, akaupinda huku na huku hadi ukalainika, kisha akaupaka mafuta. "Ngozi kavu ni msumeno," alisema. Wawindaji wa Ulaya husema hilohilo kwa namna yao: wanapenda sana ngozi ya kangaruu kwa kuwa ni nyembamba na haikatiki ovyo, na huipaka mafuta mara kwa mara, hasa ikishalowa na kukauka. Kwa ndege wazito kama tai, ndani ya kikuku huongezwa kitambaa au ngozi laini zaidi.

Kikuku chenye kipete ni kitu cha juzijuzi ukilinganisha na umri wa mchezo wenyewe. Kwa karne nyingi Ulaya walitumia ukanda mmoja tu wa ngozi, uliotobolewa matundu na kujifunga wenyewe mguuni, na huo ulibaki hapo hata ndege akiruka. Karne ya 20 Mwingereza Guy Aylmer akaja na wazo la kutenganisha: kikuku kibaki, ukanda uchomoke. Hadi leo aina hiyo huitwa kwa jina lake. Ghuba ya Uarabuni wengi wanaendelea na kamba laini za kusuka badala ya ngozi, na ndege wao wanapona, kwa kuwa kamba hizo ni nene, laini na zinakaguliwa kila siku. Kwa hiyo kamba peke yake haina hatia. Wembamba wake na kusahauliwa kwake ndivyo vinavyoua.

Kwa nini uvumbuzi wa Aylmer ulikuwa mkubwa? Watu wa pwani wana methali: kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda. Ndege huyu hana shida ya kujilisha, akilala na njaa ni kwa hiari yake. Mwindaji anamtegemea arudi kwa kuwa amemzoeza kupata nyama juu ya glavu, wala hakuna mapenzi hapo. Siku akiwa na shibe, au upepo ukimchukua, anaondoka, na anaondoka na chochote kilichomo miguuni.

Ukanda wa nyumbani una mpasuo mwishoni, wa kupitishia kizungusho. Mpasuo huo ni kitanzi. Ndege akitoroka nao, kijiti cha mti kitaingia, au waya wa seng'enge, na ataning'inia kichwa chini kama yule mwewe wetu hadi afe. Basi kabla ya kumrusha, mwindaji makini huchomoa kanda za nyumbani na kuingiza za kuwindia, fupi, nyembamba, zisizo na mpasuo wowote, ambazo zikishikwa na tawi huteleza. Wengine hurusha na vikuku vitupu. Ukanda wenye fundo unaweza hata kuchomolewa na ndege mwenyewe kwa mdomo, na ngozi isipopakwa mafuta hukauka, ikaoza, ikadondoka.

Plastiki haiozi. Uzi wa nyavu uliotupwa leo Kirumba, Igombe au Ukerewe utakuwepo msimu ujao na ule wa baadaye, na mwewe ataukanyaga akitafuta vichwa vya samaki.

Tusielewane vibaya: maelezo haya hayamruhusu mtu kwenda kutega kipanga. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 2009, ndege pori hafugwi bila kibali. Lakini aliyenaswa na uzi anaweza kukutana nawe, na kwa hilo wawindaji wa kozi wana ya kutufundisha.

Mtupie kanga au koti kichwani. Akiwa gizani hutulia. Shika miguu yote miwili kwanza, juu ya vidole, kwa kuwa kinachokujeruhi ni kucha kuliko mdomo. Usiuvute uzi hata kidogo. Ukate kwa mkasi mdogo, ukianzia upande ambao haujazama, halafu chomoa kipande kimoja kimoja, na uhesabu kuhakikisha hakuna mzunguko uliobaki chini ya magamba. Ukiona umezama kwenye nyama au vidole vimekuwa vyeusi, acha, mweke ndani ya boksi lenye matundu na giza, umpeleke kwa daktari wa mifugo au uwaarifu watu wa maliasili. Kama mguu uko salama, tembea naye hadi mahali peupe, mbali na nyaya na mbwa, umweke chini, uondoe kanga, urudi nyuma hatua kumi. Usimrushe juu. Yule wa Kirumba, tuliyemwachia kabla hatujayajua haya, alikaa chini karibu robo saa akitutazama, mguu mmoja ameukunja tumboni, kisha akaruka kwa kuyumba kuelekea Capri Point.